Herufi Mbili Mgongoni mwa Blanketi

TANGAZO KUU. Ijulikane kwa viumbe wote wa shule hii, wenye miguu miwili na wenye minne, kwamba leo saa nne asubuhi, katika uwanja mtukufu wa mabanda ya farasi, utatolewa Mhadhara wa Kihistoria juu ya Elimu ya Kunyoa Farasi. Wahudhuriaji wavae mavazi ya heshima na nyuso zenye huzuni kiasi. Kwa amri: Katibu.

Chini yake, kwa kalamu ya risasi na mwandiko wa mtu mwenye haraka, palikuwa pameongezwa: Vaeni nguo kuukuu. Kila mtu aje na ndoo. Katibu aje na mbili. Mwalimu.

Katibu alikuja na mbili.

Ukatibu wenyewe hakupigiwa kura na mtu. Siku Chama cha Wapanda Farasi kilipoanzishwa, msichana huyu alitokea na daftari kubwa jeusi na kalamu sikioni, akaketi, akaanza kuandika, na si rahisi kumng'oa mtu kwenye cheo wakati tayari anaandika. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mwembamba kama mpini wa ufagio, na kufikia wakati huo matroni wa bweni alikuwa ameshaliandika jina lake katika vitabu vitatu tofauti, kimoja kikiwa ni cha vitu vilivyopotea.

Pembeni yake alisimama mtoto wa mama yake mdogo, ambaye bweni zima lilimwita Taratibu kwa sababu hata chafya yake ilikuja kwa awamu. Katibu na Taratibu: wenzao walicheka kwa muhula mzima na hawakuchoka. Katibu alimzidi nduguye kwa miezi mitano, na kwa hoja hiyo alidai aamkiwe shikamoo kila asubuhi. Hajawahi kuipata.

Taratibu alipofika shuleni miaka miwili nyuma, aliwasalimu farasi akiwa ng'ambo ya uzio. Akaanza kubeba maji. Kisha akaanza kuzoa samadi. Mwaka ukaisha kabla hajamgusa farasi yeyote, mpaka siku moja Blanketi, jike mzee wa rangi ya kahawia mwenye manyoya mazito kuliko jina lake, alikuja mwenyewe akamwekea kidevu begani. Tangu hapo wakawa chanda na pete. Na sasa mfukoni mwa Taratibu kulikuwa na barua iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Mama yake alikuwa muuguzi katika hospitali ya mbali, na kila siku ya wazazi ilimkuta zamuni. Safari hii alikuwa amepata ruhusa. Zilibaki wiki tatu. Mwalimu naye alikuwa ameshatamka: atakayemnyoa Blanketi ndiye atakayempanda mbele ya wazazi, na atakayemnyoa ni Taratibu.

Katibu angempanda Radi, farasi ambaye jina lake lilitolewa na mtu mwenye matumaini makubwa.

Mwalimu wa farasi alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini sana, kiasi kwamba watu walinyamaza ili waisikie, na farasi vilevile.

"Kwa nini tunamnyoa?" akauliza, mkono wake ukiwa shingoni mwa Blanketi.

"Ili apendeze, Mwalimu," akasema Katibu.

"Wewe ulinyolewa juzi. Ulipendeza?"

Wanafunzi wanane wakacheka. Katibu akaandika daftarini: Swali la kwanza lilizua mjadala.

"Msimu wa baridi farasi huota manyoya mazito," Mwalimu akaendelea. "Akiwa amesimama tu, ni sawa. Lakini huyu anafanya kazi. Anakimbia, anatoka jasho, jasho linakaa ndani ya manyoya halikauki. Ni kama mtu anayelala amejifunika shuka mbichi. Kwa hiyo tunanyoa panapotoka jasho. Shingo, kifua, mbavu. Miguu tunaiacha, imkinge na matope na miiba. Na mgongo, hapa panapokaa tandiko?"

"Tunapaacha," wakaitikia.

"Kwa nini?"

"Tandiko lisimchubue," akasema Taratibu, kwa sauti ndogo lakini kabla ya wote.

Kwenye banda la jirani, mtunza farasi, ambaye shule nzima ilimwita Mjomba, alikuwa anamwagia Radi ndoo ya maji. "Usiniangalie hivyo," alikuwa akimwambia. "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji."

Mwalimu akatoa kopo la chaki. Akachora mstari mmoja mrefu kuzunguka mahali pa tandiko, mmoja juu ya kila mguu, kisha ndani ya kila sehemu akaandika herufi kubwa. N kwa nyoa. A kwa acha. Shingoni N, mbavuni N, miguuni A, na mgongoni, upande wa kushoto na upande wa kulia, A mbili zilizosimama wima kama ngazi.

"Mashine haina macho," akasema. "Macho yake ni chaki. Chaki ikisema?"

"Mkono unatii, mdomo unanyamaza," wakaitikia kwa pamoja, maana kanuni hiyo walikuwa wameikariri tangu mwaka uliopita, pale mwanafunzi mmoja alipoamua kutumia kipaji chake na farasi akatoka bandani na mistari kama mkeka.

Akawaonyesha mashine. Kwanza ikiwa imezimwa, farasi aachwe ainuse. Kisha iwashwe mbali, asikie mlio wake. Kisha mkono uwekwe begani na mashine iwekwe juu ya mkono, ili mtikisiko umfikie kupitia kwa mtu anayemwamini. Manyoya hunyolewa kinyume na yanavyolala. Ngozi huvutwa kidogo penye mkunjo. Na kila baada ya muda bapa la wembe liguswe kwa nyuma ya mkono: likikuchoma wewe, linamchoma na yeye.

"Na uanze palipo tambarare," akamwambia Taratibu. "Usianzie kwenye kona. Tukitoka mapumziko, anza. Mimi nitakuwa ofisini, muuza nyasi atapiga simu. Mjomba atakuwa hapa."

Wakatoka kwenda kunywa chai. Katibu akabaki kukusanya ndoo, kwa kuwa alikuja na mbili na haki ya mwenye mbili ni kukusanya zote.

Sasa, kopo la chaki lilikuwa limeachwa juu ya kiunzi. Kando yake kulikuwa na sponji ya kijani ya kusafishia hatamu, imelowa, iko tayari. Katibu hakuvitafuta. Baadaye alishikilia sana hoja hiyo, kwamba hakuvitafuta. Alivikuta tu, kama mtu anavyokuta chungu cha asali kifuniko kikiwa wazi, na aliyeacha wazi ndiye wa kulaumiwa.

Akaifuta A ya kushoto. Akaandika N. Akazunguka upande wa kulia, akafuta, akaanza N ya pili, na hapo Blanketi akapiga chafya ya nguvu iliyomtikisa mwili mzima. Mguu wa mwisho wa N ukateremka mpaka karibu na tumbo. Katibu akaukata kwa sponji, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake, akaridhika.

Mpango ulikuwa mwepesi. Taratibu angekuja, angeona N mgongoni, angeshtuka, angesema "Hee, jamani," kwa awamu zake, na wote wangecheka. Nani asingejua? Somo lenyewe lilikuwa limetoka kusemwa. Utani huu ungeishi dakika moja, kisha A ingerudishwa, na Katibu angeandika katika daftari: Muujiza wa Herufi, ukurasa wa kumi na mbili. Yeye angesimama palepale mlangoni, mikono nyuma, uso wa mazishi.

Ila hakusimama mlangoni. Mwisho wa chai aliitwa kwa matroni. Saa ya kengele ilikuwa imepatikana ndani ya mto wa kiranja wa bweni, imeshonewa humo kwa uzi mzuri na ikiwa imetegwa kulia saa kumi alfajiri, na matroni alitaka tu kujua ni nani katika bweni hilo mwenye mshono mzuri namna ile. Mahojiano yalichukua saa nzima. Mara mbili Katibu alijaribu kusema ana dharura bandani. Mara zote mbili matroni alimwambia akae.

Yaliyotokea bandani alikuja kuyajua kwa Mjomba.

Taratibu aliingia, akasimama mbele ya Blanketi kwa muda mrefu, mashine mkononi.

"Mjomba, hapa ni N?"

"Miwani yangu iko kwenye koti," akasema Mjomba, "na koti liko nyumbani kwa mke wangu. Wewe unaona nini?"

"Naona N. Lakini Mwalimu alisema mgongo tunauacha."

"Ameiandika yeye?"

"Nani mwingine?"

"Labda amebadili mawazo. Labda anakupima. Chaki ikisema?"

"Mkono unatii."

"Basi mbona unaniuliza mimi kipofu?"

Taratibu akawaza. Miaka miwili alikuwa mtu wa mwisho kuaminiwa mashine, tena mashine yenyewe ameipata leo. Hakutaka jambo lake la kwanza liwe kumsahihisha Mwalimu. Na mgongo ndio uliokuwa tambarare kuliko sehemu zote. Akaanzia hapo.

Katibu alirudi akikimbia, akaukuta umati mdogo kimya mlangoni. Akapenya.

Blanketi alikuwa amesimama katikati ya banda, mnene, mwenye manyoya kila upande, shingo ina manyoya, mbavu zina manyoya, na juu ya mgongo, kuanzia upande huu mpaka upande ule, alikuwa na upara. Haukuwa upara wa kubahatisha. Ulikuwa na umbo kamili la tandiko, umeng'aa, ukingo wake umenyooka kama umepigwa rula. Kwa mbali farasi alifanana na mkuu wa idara aliyekaribia kustaafu.

Katika maisha yake Katibu alikuwa amefanya mizaha mingi, na hakuna hata mmoja uliowahi kufanikiwa kiasi hiki. Kicheko kilimfika kooni. Kisha Taratibu akageuka, vumbi la manyoya mpaka kwenye kope, uso umechangamka vile ambavyo Katibu hakuwahi kuuona.

"Angalia ukingo," akasema Taratibu. "Pitisha kidole. Hakuna hata ngazi moja, wembe haukuruka popote."

Katibu akapitisha kidole. Ilikuwa kweli, hakukuwa na ngazi hata moja.

"Ni kazi nzuri," akasema, na kicheko kikarudi kilikotoka.

Watu wakapisha njia. Mwalimu aliingia, akatazama, akaweka kiganja juu ya upara ule, akakiacha hapo. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Nani amekwambia unyoe hapa?"

"Chaki, Mwalimu. Palikuwa na N."

"Niliandika A."

"Palikuwa na N, Mwalimu. Pande zote mbili."

"Iko wapi?"

Wote wakatazama chini. Pale sakafuni kulikuwa na lundo la manyoya ya kahawia, na ndani yake unga kidogo mweupe ambao haukuwa tena herufi yoyote. Ushahidi wote ulikuwa umenyolewa.

"Mjomba?"

"Mimi, Mwalimu, bila miwani hata wewe nakujua kwa sauti."

Katibu akafungua mdomo. Alikuwa nayo maneno mawili tayari, mafupi, yasiyohitaji kalamu. Kisha akamfikiria Radi. Akamfikiria baba yake, ambaye tayari alikuwa ameazima kamera kwa jirani. Akaufunga.

"Blanketi hawekewi tandiko mpaka manyoya yarudi," akasema Mwalimu. "Wiki sita, labda saba. Siku ya wazazi hatapandwa." Akamgeukia Taratibu. "Na wewe, sikuadhibu kwa kukosea. Kila mtu hukosea. Lakini asubuhi ulinijibu wewe mwenyewe kwamba mgongo unaachwa, na mchana umeunyoa. Sijui ulichokuwa unakisikiliza. Ningekuwa na uhakika na wewe ningekutafutia farasi mwingine. Sina. Siku hiyo utashika kamba ya lango."

"Nilisikia, Mwalimu," akasema Taratibu. Akachukua ufagio, akaanza kufagia.

"Katibu," akasema Mwalimu. "Kila ajali huandikwa. Taarifa iwe mezani kwangu kabla ya chakula cha jioni."

Mchana ule Katibu aliketi kwenye chumba cha matandiko, juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini. Ukurasa ulikuwa na kichwa cha habari na hakuna kingine. Taratibu akaingia kutundika hatamu. Akaitundika, akainyoosha, akaitundika tena.

"Unaandika nini?"

"Historia."

"Ukimaliza nisaidie kitu. Wewe unajua maneno." Akatoa ile barua, akaigeuza upande mweupe. "Nataka kumwandikia mama. Asije akafikiri atanikuta juu ya farasi. Nataka isisikike vibaya. Sema tu nitashika kamba ya lango. Kushika kamba nako ni kazi, si ndiyo?"

"Ni kazi," akasema Katibu.

"Bila mtu wa lango farasi wangetoka wakaenda zao."

"Wangekwenda zao kabisa."

"Basi sema hivyo. Iweke vizuri." Akaiweka karatasi juu ya kiti cha tandiko, akatoka.

Katibu akaitazama karatasi ile kama vile mtu anavyomtazama mbwa aliyeng'ata kiatu chake. Kisha akainamia daftari na kuanza kuandika kwa kasi. Njia alikuwa ameiona. Angeandika taarifa yenye nguvu hata Mwalimu aamini kwamba palikuwa na mkono mwingine, mkono wa mtu asiyejulikana, Taratibu apate kupewa farasi, na Katibu abaki Katibu. Kalamu ilimtii. Aliandika kurasa tatu bila kufuta.

Jioni, Mwalimu alizisoma akiwa amesimama dirishani. Ofisi yake ilinuka mafuta ya ngozi. Juu ya meza palikuwa na mashine ya kunyolea, imefunguliwa, imesafishwa, wembe wake umelala kwenye kitambaa.

"'Ndipo,'" akasoma kwa sauti yake ile ya chini, "'katika saa ambayo wenye haki walikuwa wakinywa chai, mkono usiojulikana, mkono katili, ulijipenyeza bandani.' Mkono ulijipenyeza peke yake?"

"Ni namna ya kusema, Mwalimu."

"Umesema vizuri. 'Mkono huo ukaitwaa sponji ya kijani ya hatamu, ukaifutilia mbali A ya kushoto, na mahali pake ukasimika N.' Mimi nilikuwa naanza kumwamini Taratibu hata kabla ya hapa. Hajawahi kunidanganya. Ulichokiandika kimenisaidia sana."

Katibu akahisi mabega yanashuka. "Asante, Mwalimu. Kwa hiyo atapewa farasi?"

"Ngoja nimalize. 'Upande wa kulia mkono ulipata upinzani, kwani mnyama yule asiye na hatia alipiga chafya, hata mguu wa N ukateremka kuelekea tumboni na ikalazimu ukatwe.'" Akalishusha daftari. "Blanketi alipiga chafya?"

Katibu akaigusa kalamu sikioni, akaiacha.

"Farasi hupiga chafya, Mwalimu. Kwa ujumla."

"Kwa ujumla, ndiyo. Ila hii ilipigwa wakati wa chai, bandani hakuna mtu. Taratibu hakuniambia habari ya chafya. Mjomba alikuwa kisimani na Radi. Nani aliisikia?"

Katibu akaitazama mashine. Akautazama wembe wake. Alikuwa amesifiwa mara nyingi kwa kuandika mambo mpaka msomaji akajiona yuko palepale, na ilikuwa haijampitia akilini kwamba msomaji akishafika pale atageuza shingo amtafute mwandishi.

"Mkono hauna masikio," akasema Mwalimu.

"Hauna, Mwalimu."

"Mimi naweza kukisia. Lakini daftari hili haliandikwi kwa kukisia." Akaliweka mezani mbele yake, akalifungua penye nafasi chini ya ukurasa wa tatu wa taarifa. "Taarifa yako haina mwisho. Umalizie. Sentensi mbili tu, na usinipambie. Ya kwanza ianze na N."

Kalamu ilikuwa sikioni. Katibu akaichukua. Nje, Mjomba alikuwa anapita na ndoo, anamwimbia Blanketi kitu juu ya wazee wenye upara, na mtu alikuwa anamcheka taratibu, kwa awamu.

Akaandika: Ni mimi.

"Naam," akasema Mwalimu. "Ya pili ianze na A."

Hii ilichukua muda mrefu kidogo. Kamera ya jirani ilimpita kichwani, na baba yake akiwa nyuma yake, jicho moja limefumbwa, anatafuta mtu juu ya farasi.

Akaandika: Apewe Radi mtoto wa mama mdogo, nami nishike kamba ya lango.

Mwalimu akasoma, akatikisa kichwa polepole.

"Radi atapewa. Ila hapo mwisho umejipendelea. Kushika kamba ni kazi, na sijui kama nitakuamini nayo." Akalifunga daftari, akamrudishia. "Nenda ukamsomee Taratibu mwenyewe, kwa sauti. Hizo mbili tu. Chafya usiitaje."